Wachoraji wa Majoka: Mtaji Unaohesabiwa Kama Gharama

Mwaka 2024 kampuni ya Hasbro ya Marekani ilipata mapato ya takriban dola bilioni 4.1. Karibu dola bilioni 1.5 kati ya hizo zilitoka katika kitengo kimoja, kile cha Wizards of the Coast na michezo ya kidijiti. Ndicho kinachotengeneza Magic: The Gathering, mchezo wa kadi za wachawi na majoka, na Dungeons & Dragons, mchezo ambao watu huketi mezani wakasimulia safari za mashujaa huku dadu zikiamua nani anapona na nani anaangamia. Katika kila dola 100 za mauzo, kitengo hicho kilibaki na zaidi ya dola 40 kama faida ya uendeshaji. Biashara ya wanasesere na vikaragosi ya kampuni hiyohiyo haijaonja faida ya namna hiyo.

Mteja ananunua nini hasa? Kanuni za Magic zimewekwa wazi mtandaoni, yeyote anaweza kuzisoma bila kulipa. Kanuni za msingi za Dungeons & Dragons nazo ziliachiwa umma Januari 2023, baada ya wachezaji na wachapishaji wadogo kuipinga vikali kampuni ilipotaka kubana leseni yao ya miaka mingi. Karatasi na wino ni vya bei ndogo. Kinachobaki ni ulimwengu wenyewe: mnara ulioinama juu ya bahari, jicho la joka, vazi la mchawi. Hivyo vyote vimetoka mkononi mwa mchoraji.

Mimi ni mpenzi wa michezo hii wa siku nyingi, na kama wapenzi wengi nilivutwa na picha kabla sijaelewa kanuni hata moja. Ndiyo maana naziangalia hesabu za sekta hii kwa shaka. Katika vitabu vya wachapishaji, mchoraji yuko upande wa gharama, safu moja na katoni na usafirishaji. Ukweli wa biashara yenyewe unamweka upande wa mtaji.

Kalamu za Lake Geneva

Dungeons & Dragons ilitoka Januari 1974 katika mji mdogo wa Lake Geneva, jimbo la Wisconsin. Gary Gygax na Dave Arneson ndio waliobuni mchezo, na toleo la kwanza lilikuwa nakala 1,000. Michoro yake ilikuwa ya kalamu, ya watu waliochora kwa mapenzi zaidi ya malipo. Mauzo yalipopanda, kampuni yao ya TSR ilianza kuwekeza katika sanaa, na hapo ndipo mchezo ulipopata sura.

Tazama jalada la kitabu cha wachezaji cha mwaka 1978, kazi ya David Trampier. Sanamu kubwa ya shetani imeketi ndani ya hekalu. Wezi wawili wamepanda kichwani mwake wanang'oa kito kilicho jichoni. Chini yao shujaa mmoja anafuta damu kwenye upanga, wenzake wanakagua ramani, na mizoga ya viumbe wenye umbo la mijusi inaburutwa pembeni. Vita vimekwisha, sasa ni kazi ya kukusanya mali na kupanga hatua inayofuata. Kijana aliyekiona kitabu hicho dukani alielewa mchezo unahusu nini kabla hajafungua ukurasa wa kwanza. Hakuna tangazo la biashara ambalo lingefanya kazi hiyo vizuri zaidi.

Trampier mwenyewe aliacha kuchora ghafla mwishoni mwa miaka ya 1980 na akapotea machoni pa sekta. Miaka mingi baadaye ilibainika kwamba alikuwa dereva wa teksi mjini Carbondale, Illinois. Alifariki Machi 2014, na picha yake bado inarudiwa na kuigwa mpaka leo.

Waliokuja nyuma yake waliikuta njia imeshachongwa. Larry Elmore, Jeff Easley, Keith Parkinson na Clyde Caldwell waliajiriwa na TSR katika miaka ya 1980, wakapaka rangi za mafuta mchana kutwa kwa mshahara. Joka jekundu la Elmore kwenye sanduku la wanaoanza la mwaka 1983 ndilo joka ambalo kizazi kizima hulikumbuka likitajwa neno hilo.

Jina chini ya kadi

Mageuzi makubwa yalikuja Agosti 1993. Richard Garfield, mtaalamu wa hisabati, alikuwa amebuni mchezo wa kadi wa Magic, na Peter Adkison, mwanzilishi wa Wizards of the Coast, hakuwa na fedha za kuwalipa wachoraji wenye majina. Mkurugenzi wa sanaa, Jesper Myrfors, aliwageukia vijana wa chuo cha sanaa cha Cornish mjini Seattle. Wachoraji 25 walichora kadi 295 za toleo la kwanza, na sehemu ya malipo yao ilikuwa hisa za kampuni changa ambayo wakati huo haikuwa na thamani ya kujivunia. Mwaka 1999 Hasbro iliinunua kampuni hiyo kwa takriban dola milioni 325.

Myrfors na wenzake waliacha jambo moja ambalo lina faida hadi leo: kila kadi hubeba jina la mchoraji chini yake. Kadi ina upana wa milimita 63 na urefu wa milimita 88, na picha kwa kawaida haifiki hata nusu ya eneo hilo, lakini jina lipo. Kwa hiyo mchezaji hujua anampenda nani. Huitafuta ardhi ya John Avon, malaika wa Rebecca Guay, joka la Melissa Benson. Jina likishajulikana, mchoraji ana soko lake hata mkataba ukiisha.

Mfano wa juu kabisa ni kadi ya Black Lotus, ua jeusi lililochorwa na Christopher Rush, aliyefariki mwaka 2016. Januari 2021 nakala moja ya toleo la kwanza iliuzwa mnadani kwa dola 511,100, na kasha lake lilikuwa na saini ya Rush mwenyewe. Mwaka 2024 nyingine iliripotiwa kuuzwa kwa faragha kwa dola milioni 3. Fedha za mauzo ya mkono wa pili huenda kwa wakusanyaji, madalali na mawakala wa kukadiria ubora. Aliyechora hana fungu.

Mchoraji anakula wapi?

Kazi yenyewe huenda hivi. Mkurugenzi wa sanaa hutuma maelezo mafupi: nani yupo pichani, anafanya nini, mwanga unatoka wapi, pamoja na kitabu cha mwongozo wa ulimwengu husika. Mchoraji hurudisha rasimu, hurekebisha akiombwa, kisha hukabidhi picha kamili baada ya wiki kadhaa. Hulipwa mara moja. Hakimiliki hubaki kwa kampuni, ambayo inaweza kuichapa picha hiyo kwenye kadi, begi au mchezo wa kompyuta.

Kilichowaokoa wachoraji wa Magic ni kwamba mchoro halisi, ile turubai yenyewe, hubaki mali yao. Mkusanyaji wa Ujerumani au Japani anaweza kuinunua kwa bei inayopita mara nyingi malipo ya awali. Halafu kuna nakala za mchoraji: kadi zilizochapwa upande mmoja, mgongo mweupe mtupu, ambazo kwa miaka mingi kila mchoraji alipewa takriban 50 kwa picha. Kwenye maonyesho utamkuta ameketi nyuma ya meza, kalamu mkononi, akichora joka dogo kwenye mgongo huo mweupe huku mteja amesimama akisubiri. Mezani pia kuna picha kubwa za ukutani na mikeka ya kuchezea, na foleni ya wanaotaka saini.

Maonyesho haya ndiyo mnada, gulio na ofisi ya ajira kwa pamoja. Gen Con, iliyoanzia Lake Geneva mwaka 1968 na sasa hufanyika Indianapolis, huvuta watu zaidi ya 70,000. Lile la Essen nchini Ujerumani lilipata wageni 204,000 mwaka 2024.

Kompyuta ilivuruga hesabu hii. Anayechora kwa kalamu ya kidijiti humaliza haraka na hurekebisha bila taabu, lakini hana turubai ya kuuza. Ndiyo maana baadhi ya wachoraji waliozoea skrini wamerudi kwenye mafuta na brashi: mapato ya mchoro halisi yanafidia muda uliopotea.

Njia ya Nottingham

Uingereza ilichukua mkondo mwingine. Games Workshop ilianzishwa London mwaka 1975 na Ian Livingstone, Steve Jackson na John Peake, na leo makao yake ni Nottingham. Inauza sanamu ndogo za vita za Warhammer, ambazo mnunuzi huziunganisha na kuzipaka rangi mwenyewe. Desemba 2024 iliingia katika orodha ya kampuni 100 kubwa za soko la hisa la London, na katika mwaka wa fedha ulioishia Juni 2025 ilipata mapato ya zaidi ya pauni milioni 600.

Sura ya ulimwengu huo, wenye kutu, mafuvu na mishumaa, kwa kiasi kikubwa ni kazi ya John Blanche, aliyeongoza sanaa ya kampuni kwa miongo kadhaa mpaka alipostaafu mwaka 2023. Wachongaji na wachoraji wa Nottingham wengi ni waajiriwa. Wana mshahara wa kila mwezi, jambo ambalo mchoraji wa kujitegemea hulitamani. Hata hivyo vitabu vingi vya karibuni vya kampuni hutaja studio bila kumtaja mtu mmoja mmoja. Mwajiriwa hupata utulivu, kampuni hubaki na jina. Akiondoka, huanza upya sokoni.

Umati na ushuru

Wachapishaji wadogo hutegemea michango ya umma kupitia Kickstarter na mitandao ya aina yake. Frosthaven, mchezo wa Isaac Childres, ulikusanya karibu dola milioni 13 mwaka 2020 kutoka kwa watu zaidi ya 83,000. Wakati wa kuchangisha, sanduku halijatengenezwa. Mchangiaji huona picha tu, na kwa picha hiyo hutoa fedha zake akasubiri mwaka au zaidi. Katika soko la namna hii, picha ndiyo dhamana ya mkopo.

Aprili 2025 Marekani ilipandisha ushuru wa bidhaa za China hadi asilimia 145. Sehemu kubwa ya michezo ya mezani hutengenezwa China, na mchapishaji Jamey Stegmaier wa Stonemaier Games alipiga hesabu hadharani: mchezo unaogharimu dola 10 kiwandani ungetozwa dola 14.50 bandarini. Kampuni yake ikaungana na nyingine kwenda mahakamani. Viwango vilishushwa mwezi uliofuata, ila hofu ilibaki. Mchapishaji aliyebanwa hawezi kupunguza bei ya kontena wala ya dadu. Anachoweza kukata haraka ni malipo ya mchoraji.

Mashine na uzio

Hapo ndipo akili mnemba inapoingia na ahadi ya picha za bure. Greg Rutkowski, Mpoland aliyechora kwa ajili ya Magic na Dungeons & Dragons, aligundua mwaka 2022 kwamba jina lake ni miongoni mwa yanayotumiwa zaidi kuamuru mashine zitoe picha. Januari 2023 wasanii watatu, akiwamo Karla Ortiz ambaye naye amechorea Magic, walizishtaki kampuni za mashine hizo, na Rutkowski akajiunga baadaye mwaka huohuo. Agosti 2023 iligundulika kuwa mchoraji mmoja wa kitabu cha Dungeons & Dragons alitumia akili mnemba, na Wizards ikaipiga marufuku kwa wachoraji wake. Januari 2024 tangazo la Magic likakutwa na kasoro hiyohiyo, kampuni ikakiri baada ya wapenzi kupaza sauti.

Wapenzi wana sababu zao za moyo, na mimi ni mmoja wao. Kwa mwenye mtaji kuna sababu ya pesa. Sheria ya hakimiliki ya Marekani hailindi mbinu ya kucheza mchezo. Hataza ya Garfield ya mwaka 1997 imeshakwisha muda wake. Kinacholindwa ni maandishi na picha. Na Machi 2025 mahakama ya rufaa ya Washington ilithibitisha kwamba kazi isiyo na mtunzi binadamu haipati hakimiliki. Mchapishaji anayemwondoa mchoraji anang'oa sehemu kubwa ya uzio ulioizunguka mali yake, na jirani akiingia kuchuma picha hizo, mchapishaji hatakuwa na kesi.

Yanayotuhusu

Kazi hii hununuliwa kwa barua pepe, na mchoraji wa Nairobi au Dar es Salaam anaweza kuishindania. Toleo la Magic la Mirage, Oktoba 1996, lilijengwa juu ya mandhari ya Afrika, na kadi zake zina majina kama Zuberi, Shauku na Askari. Soko lilishaonyesha kuwa sura hizo zinauzika. Anayeingia humo aulize mambo matatu kabla ya kutia saini: mchoro halisi utabaki kwa nani, jina lake litachapwa wapi, na picha ikihamishiwa kwenye bidhaa nyingine atalipwa nini. La kwanza limewalisha wachoraji wengi wa Magic, la pili limewajengea soko. La tatu ndilo sekta haijalitendea haki. Kampuni zinazopata dola 40 katika kila 100 zina uwezo wa kulipa mrabaha, na kwa kuwa picha ni miongoni mwa mali zilizobaki na ulinzi wa sheria, mrabaha huo ungekuwa bima nafuu kuliko zote ambazo kampuni hizo zimewahi kukata.