Nyasi za nyumbani: Kukauka si kufa

KILA ifikapo Februari, jua la msimu wa kaskazi linapowaka jijini Dar es Salaam, nyasi za nyua nyingi hugeuka rangi ya mchanga. Mwenye nyumba huona aibu mbele ya wageni, akamwita mtunza bustani, na baada ya siku mbili zote huwa zimeng'olewa. Mpya hununuliwa kwenye vitalu vya kando ya barabara. Mara nyingi gharama hiyo haikuwa ya lazima, kwa kuwa nyasi zilizotupwa zilikuwa hai.

Ukoka, nyasi unaojiotea wenyewe karibu kila mahali, una vitawi vinavyotambaa juu na chini ya udongo. Maji yanapopungua huyaacha majani yakauke na kuhifadhi uhai katika vitawi hivyo. Kuupima ni rahisi. Shika fungu moja, ulivute. Likitoka bila kupinga, limekufa. Likishikilia ardhi, na shina lake la chini likwanguliwapo kwa ukucha likaonekana jeupe bichi au la kijani, basi limelala tu. Lililolala huhitaji kuloweshwa vizuri mara moja kila baada ya wiki mbili au tatu, na gari lisiegeshwe juu yake. Nyasi za majani mapana, zinazopendwa kupandwa vivulini, hazina ustahimilivu huo.

Kinachoua nyasi zaidi kuliko jua ni mazoea ya kuzinyunyizia maji kidogo kila jioni. Maji hayo hulowesha tabaka jembamba la juu, mizizi ikazoea kubaki hapo, na bomba likikauka siku tatu hakuna cha kuiokoa. Afadhali kumwagilia mara mbili kwa wiki, alfajiri, maji yazame kiasi cha sentimita 10 hadi 15.

Kiasi cha kutosha wakati wa ukame ni takriban milimita 25 kwa wiki, yaani lita 25 kwa kila mita moja ya mraba. Uwanja wa mita za mraba 50 utahitaji lita 1,250, sawa na ndoo 62 na nusu za lita 20. Wakazi wa jiji wanaokumbuka mgawo wa maji wa Oktoba 2022, mto Ruvu ulipopungua, wataelewa kwa nini kuziacha nyasi zilale ni uamuzi wa busara na wala si uvivu.

Wenye visima wana tahadhari nyingine. Maji ya visima vingi vya ukanda wa pwani yana chumvi, nayo hujikusanya udongoni hadi ncha za majani zikaungua. Aina ya paspalamu inayoota ufukweni huistahimili chumvi kuliko nyingi nyingine.

Masika, kuanzia Machi hadi Mei, tatizo hugeuka. Aprili ndio mwezi wenye mvua nyingi zaidi jijini, na nyasi hukua upesi kiasi kwamba wengi huzifyeka hadi udongo uonekane ili zisisumbue tena karibuni. Hilo ni kosa. Kwa mkato mmoja isiondolewe zaidi ya theluthi moja ya urefu, hata ikibidi kurudia kila wiki. Mbolea nayo isimwagwe siku za mvua kubwa; itaishia mtaroni.

Ndago hung'olewa vizuri wakati huu udongo ukiwa laini. Kuikata majani ni kazi bure, kwani huchipua upya kutoka kwenye viazi vyake vidogo vilivyo ardhini. Wengi huiingiza wenyewe ndani ya ua pamoja na lori la udongo au samadi, na kuiondoa huchukua miaka.

Wakati wa kipupwe, Juni hadi Agosti, ukuaji hupungua na fyekeo laweza kupumzika. Jambo lisilotazamwa na wengi ni kivuli. Miezi hiyo jua la adhuhuri huwa upande wa kaskazini, hivyo ukuta wa mita tatu hutupa kivuli kinachoweza kuzidi mita moja na nusu upande wake wa kusini. Nyasi zikififia hapo, mbolea haitazisaidia. Nyasi za kivulini, au changarawe, zingefaa zaidi.

Vuli ikianza, kwa kawaida Oktoba au Novemba, ukoka uliolala huchipua wenyewe katika wiki chache. Hapo ndipo mapengo halisi huonekana, na ndipo mbolea na vipando vipya huwa na maana. Mvua hizo huweza pia kuleta viwavijeshi. Ndege wakianza kudonoa uwanja kwa wingi kuliko kawaida, inafaa kuinama na kuchunguza mashina asubuhi ileile, kwani kundi kubwa la viwavi hao laweza kumaliza majani ya uwanja kwa siku chache.