Difu: Nira ya Chuma Chini ya Gari

Msomaji wa Tunduma ameniandikia kuhusu gari la kuunganisha ambalo mwanawe aliletewa na shangazi yake: Land Rover Defender ya LEGO Technic, ile iliyotoka mwaka 2019 ikiwa na vipande 2,573. Mtoto alimaliza kuliunganisha, akalinyanyua, akazungusha tairi moja la nyuma kwenda mbele. La upande wa pili likazunguka kurudi nyuma. Baba anauliza: kuna kipande kimekosewa?

Hakuna. Kijana amepatia. Kuunganisha Land Rover si jambo geni kwetu. Kiwanda cha Leyland Kenya, kule Thika, kilifanya hivyo kwa vipande vilivyokuja ndani ya makasha. Injini, giaboksi na winchi nitaviruka. Leo ni difu tu, na gari hilo la plastiki linazo tatu: ya mbele, ya nyuma na ya katikati.

Kazi ya difu ni kona. Gari likikata kona, tairi la nje hupita njia ndefu kuliko la ndani. Kwa Land Rover, ambayo tairi la kushoto na la kulia yameachana kama mita 1.5, kona ya robo duara hulitembeza tairi la nje karibu mita 2.4 zaidi. Na utamu wa hesabu hii ni kwamba kona iwe kali, iwe pana, ziada ni ileile. Matairi yote mawili yangefungwa kwenye chuma kimoja, moja lingeburuzwa. Onésiphore Pecqueur wa Ufaransa alilimaliza tatizo hilo miaka ya 1820, akiwaza gari la mvuke.

Ukitaka kumwelewa, nenda Momba au Mbozi msimu wa kulima, uitazame nira. Maksai wawili, mti mmoja shingoni, mnyororo wa plau umefungwa katikati ya mti. Maksai wa kulia akitangulia hatua moja, mti hukaa mshazari, lakini plau inaendelea, kwa mwendo ulio wastani wa wote wawili. Na kwa kuwa mnyororo uko katikati kabisa, kila mmoja anavuta sawa na mwenzake. Sasa igeuze kazi: badala ya maksai kuuvuta mti, mti ndio uwasukume maksai. Hiyo ndiyo difu. Ndani yake kuna gia ndogo iliyobebwa kwa katikati. Meno ya upande mmoja yanasukuma ekseli ya kushoto, ya upande wa pili yanasukuma ya kulia. Nira ya mti ikipinda mno, maksai wanaparamiana. Hii ya chuma ni duara, jino likipita jingine linashika, kwa hiyo haina mwisho wa kupinda. Mimi naiita gia-nira, na sioni kwa nini vitabu vya ufundi visiichukue. Kijana alipozungusha tairi moja, katikati palitulia. Ukisukuma ncha moja ya mti mbele na katikati pasisogee, ncha ya pili itarudi nyuma tu.

Nira hiyohiyo ndiyo inayokwamisha gari. Maksai mmoja akiteleza asivute, mti unageuka na plau inabaki palepale, hata mwenzake awe na nguvu za tembo. Tairi moja likiingia kwenye tope la Ileje, hilo ndilo linalozunguka ovyo, na lililo pakavu linasimama. Msuguano ndani ya gia hubadilisha hesabu kidogo, tuuache.

Ndiyo maana Defender ya zamani, ambayo ya mwisho ilitoka kiwandani Januari 2016, ina loki ya difu ya katikati, ile iliyo kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Dereva akisukuma wenzo mfupi ulio jirani na wa gia, ekseli ya mbele na ya nyuma hufungwa pamoja. Ya mbele ikiteleza, ya nyuma inasukuma.

Ukishatoka kwenye tope na kushika lami ya barabara kuu ya TANZAM, fungua loki hiyo kabla ya kona ya kwanza. Usipofungua, ekseli ya mbele na ya nyuma zitashindana kila unapokata usukani, na gharama utailipa gereji.