Baada ya Matanga Kuanuliwa

Katika bonde la Kilombero, ambako aila nyingi za wakulima wa mpunga huhamia mashambani mvua zinapoanza na kukaa huko katika vibanda na madungu, wakiamia ndege na kufukuza nguruwe hata mavuno yaishe, uko uongo mmoja ambao watu wazima huusema kwa huruma, nao hapa husadikiwa upesi kuliko mahali pengine: mtoto aliyefiwa na mama huambiwa kwamba mama amekwenda shamba. Mtoto wa miaka mitano hana sababu ya kulitilia shaka jambo hilo, kwani amekwisha kuona kwa macho yake watu wakienda shamba, wakikaa miezi, kisha wakarudi. Basi hungoja. Mpunga ukivunwa na magunia yakianza kuingia Ifakara, naye hukaa barazani akikodolea macho kila baiskeli ipitayo. Na msimu ukiisha bila mama kuonekana, hasemi moyoni kwamba mama amekufa, bali husema kwamba mama hakutaka kurudi, na yamkini ni kwa sababu ya kosa alilolitenda yeye.

Nimetanguliza habari hiyo kwa kuwa wengi wenye nia njema ya kujitolea kuwasaidia wafiwa hudhani kwamba kazi yao ni kuchukua unga, madaftari na sare za shule. Vitu hivyo vina haja yake, wala simdharau avitoaye; walakini sare mpya haimwondolei mtoto yule swali lake. Kazi ya kwanza ni kukaa na mlezi, awe bibi, shangazi au mama mdogo, mpaka apate moyo wa kumwambia mtoto kweli kwa maneno machache: mama yako aliugua sana, amekufa, hatarudi, si kosa lako, na mimi ndiye nitakayekulea. Ni afadhali maneno hayo yatoke kinywani mwa mlezi, maana mgeni jioni hurejea kwake, na mtoto anataka kujua ni nani atakayempikia kesho.

Mtoto mdogo hafahamu mara moja kwamba kifo hakina marejeo. Fahamu hiyo aghalabu hukamilika baina ya miaka mitano na kumi. Ndiyo sababu huuliza swali lile lile leo na kesho, hulia kitambo kidogo kisha akaukimbilia mpira wa makaratasi, na watu wakasema amesahau. Hakusahau. Jitimai yake hutokea kwa njia nyingine: tumbo linalouma asubuhi za shule, kukojoa kitandani baada ya kuwa amekwisha kuacha, ugomvi usio na chanzo, au ukimya ambao wakubwa huusifu wakiuita adabu.

Desturi zetu za msiba ni hazina, nami nazitukuza: majirani wanaolala matangani, rambirambi zinazochangwa, watani wanaothubutu kuleta kicheko penye kilio. Lakini mtoto aghalabu hupelekwa kwa jirani asije akaliona jeneza, na matanga yakianuliwa hurudi akaikuta nyumba tupu. Kisha, arobaini ikipita, ndugu hugawanywa, mmoja akaenda Mlimba kwa baba mdogo, mwingine akabaki kwa bibi. Utengano huo ni msiba wa pili, na katika mambo yote ndio tunaouchukulia wepesi kupita kiasi.

Bonde hili lina mazoea ya kumpokea mtu anayebisha hodi baada ya maziko. Tangu mwaka 1996 Taasisi ya Afya Ifakara imekuwa ikiandika nyumba kwa nyumba habari za uzazi na vifo katika vijiji vya Kilombero na Ulanga, na palipotokea kifo mtumishi wake huja baadaye kumwuliza mkubwa wa nyumba jinsi ugonjwa ulivyokwenda. Ni kwa uangalizi wa namna hiyo ndipo ilipodhihirika, katika utafiti uliotangazwa mwaka 2001, kwamba vyandarua vyenye dawa viliongeza uhai wa watoto wa mwezi mmoja hadi miaka minne kwa asilimia 27. Ni kazi adhimu. Lakini maswali yale humhusu marehemu, naye mtoto aliye nyuma ya mlango akisikiliza angehitaji mtu wake, atakayemjia baada ya arobaini, na kumfuata hata shamba, ambako majirani ni wachache na usiku ni mrefu.

Je, mtu asiye tabibu aweza? Utafiti uliofanywa Moshi, na Bungoma nchini Kenya, mjini na vijijini, ukachapishwa mwaka 2020, ulihusu watoto 640 wa miaka 7 hadi 13 waliofiwa na wazazi. Watu wa kawaida, wasiokuwa na elimu ya tiba ya akili, walifundishwa na kusimamiwa, wakaongoza vikundi kwa mikutano 12, walezi nao wakiwa na kikao chao. Katika sehemu tatu kati ya nne watoto hao walipata nafuu kuliko wenzao waliopewa msaada wa kawaida. Mjini Moshi tofauti haikuonekana. Na huko Nshamba, wilayani Muleba, mradi wa Humuliza uliwashughulikia mayatima wa ukimwi tangu mwaka 1997, hata mayatima wenyewe wakawa na chama chao, Vijana Simama Imara. Mimi husisitiza neno kusimamiwa: anayebeba vilio vya nyumba nyingi bila mtu wa kumtua huchoka, kisha huacha kwenda, na mtoto hufiwa tena.

Kadhalika iko mipaka. Mtoto anayesema anataka kumfuata mama yake, anayepigwa, au ambaye shamba la marehemu limetwaliwa, hahitaji faraja peke yake. Afisa ustawi wa jamii apewe habari siku ile ile, kwani Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imezipa mamlaka za mitaa wajibu wa kumlinda, na kila mwanajamii wajibu wa kutoa taarifa. Kwa hiyo mtu wa kujitolea asimwahidi mtoto kumfichia siri. Amwambie tangu siku ya kwanza kwamba yapo mambo ambayo, akiyasikia, atakwenda kuyasema kwa afisa, na amtajie afisa huyo kwa jina.