Mafungu Matatu ya Sauti Yatoshayo Kutungia Wimbo

Pana swali moja ambalo walimu wa kwaya na vijana wenye magita huuliza mara kwa mara. Husema, "Maneno ya wimbo ninayo, na tuni yake nimeipata, je, wenzangu waimbe nini chini yangu?" Wengi wakikosa jibu huiacha tuni yao, wakaazima tuni ya kigeni na kubandika maneno ya Kiswahili juu yake. Hapo ndipo maneno yavunjikapo. Katika lugha yetu mkazo hukaa katika silabi ya pili kutoka mwisho, isipokuwa katika maneno machache, wala mkazo si jambo dogo. Tukisema barabára, twataja njia. Tukisema barábara, maana yake ni sawasawa. Tuni ya kuazima haijui tofauti hiyo, bali huukanyaga mkazo popote. Basi yafaa tujitungie wenyewe, na leo nataka kuwaonyesheni kwamba kwa wimbo mwepesi mafungu matatu ya sauti yatosha.

Kwanza tuitazame ngazi ya sauti. Vidato vyake ni saba: do, re, mi, fa, so, la, ti, na cha nane ni do ya juu. Vidato hivi havikuachana sawasawa. Kati ya mi na fa, na tena kati ya ti na do ya juu, pana nusu ya hatua tu. Penginepo pote ni hatua nzima. Desturi ya kuandika nyimbo kwa herufi za vidato hivi ilitengenezwa na Bibi Sarah Glover wa mji wa Norwich, Uingereza, kisha ikaenezwa na Bwana John Curwen, aliyeishi tangu 1816 hata 1880. Wamisionari waliileta Afrika, ikakubalika upesi, kwa kuwa haihitaji kinanda wala karatasi ya mistari. Ubao na chaki vyatosha.

Sasa, fungu la sauti ni nini? Wenye magita huliita kodi, lakini msidhani kwamba ni ile kodi tulipayo kwa serikali! Ni sauti tatu ziliazo pamoja na kupatana. Njia ya kuzipata ni rahisi: shika kidato kimoja, ruka kinachofuata, shika kingine, ruka tena, shika cha tatu. Ukianza na do, utashika do, mi na so.

Huenda mtu akauliza, "Kwa nini hizi zapatana?" Ajaribu kwa uzi wa zeze. Tuseme urefu wa uzi ulio huru kulia ni sentimita 60. Auguse, na sauti ile aiite do. Kisha auzuie kwa kidole, sehemu inayolia iwe sentimita 48: atasikia mi. Ikiwa sentimita 40, atasikia so. Na ikiwa 30, yaani nusu, atasikia do ya juu. Maana yake ni hii: kwa muda ule ule ambao do hutetema mara 4, mi hutetema mara 5, na so mara 6. Mitetemo yenye hesabu ndogo namna hii hukutana upesi upesi, na sikio hupendezwa. Ile ambayo hesabu yake ni ya mbali husuguana, na sikio hutaka isogee.

Haya ndiyo mafungu yetu matatu:

Fungu la do: do, mi, so.
Fungu la fa: fa, la, do.
Fungu la so: so, ti, re.

Yahesabuni mwone. Sauti zote saba za ngazi zimo ndani yake, hakuna hata moja iliyoachwa nje. Kwa hiyo sauti yo yote utakayoiimba katika tuni iliyo katika ngazi hii, lipo fungu moja walau litakaloipokea.

Lakini mafungu hayafuatani ovyo. Kila moja lina tabia yake. Fungu la do ni nyumbani: hapo wimbo huanza, na hapo hupumzika. Fungu la fa ni shambani: tumetoka, tumefunguka, wala hatuna haraka. Fungu la so ni mlangoni: tumerudi, mkono u juu ya komeo, na kila asikiaye angoja tuingie. Sababu ya kungoja huko ni ti, iliyo nusu ya hatua tu chini ya do, nayo huivutia sana. Mwambieni mtoto aimbe do, re, mi, fa, so, la, ti, kisha anyamaze. Hatatulia mpaka aimalize do. Basi safari nyepesi kuliko zote ni hii: nyumbani, shambani, mlangoni, nyumbani, yaani do, fa, so, do.

Natutunge sasa wimbo mdogo wa kazi. Maneno yake ni haya, kila mstari mizani minane:

Jembe langu, twende mbele,
Tulilime shamba lile.

Someni kwa sauti huku mkipiga makofi, nanyi mtasikia mkazo ukianguka: JE-mbe LA-ngu, TWE-nde MBE-le. Kila kipande kina mapigo manne. Pigo la kwanza ni zito, la tatu ni zito kidogo, la pili na la nne ni mepesi. Mkazo wa neno sharti ukae juu ya pigo zito. Tuni yetu iwe hivi:

Je-mbe la-ngu: do, do, mi, so.
Twe-nde mbe-le: la, so, la, fa.
Tu-li-li-me: re, mi, re, ti ya chini.
Sha-mba li-le: do, mi, do, do.

Sasa tuchague mafungu. Kanuni ni moja: tazama mapigo mazito. Kipande cha kwanza kina do na mi. Basi ni fungu la do. Cha pili kina la na la. Ni fungu la fa. Pana so katikati yake ambayo si ya fungu hilo, lakini iko juu ya pigo jepesi, yapita kama mgeni apitaye uani, wala haimsumbui mtu. Cha tatu kina re na re, na mwisho ti. Hili ni fungu la so, na mi iliyomo ni mpita njia vile vile. Cha nne ni do, tumefika nyumbani. Mwenye gita atapiga do, fa, so, do, fungu moja kwa kila kipande. Waimbaji wa besi wataimba do, fa, so, do. Waimbaji wa katikati, chini ya tuni, wataimba so, la, so, so. Angalieni jinsi hawa wa katikati wasivyorukaruka: hupanda kidato kimoja, hushuka, kisha hukaa pale pale, kwa sababu so imo katika fungu la so na katika fungu la do pia. Hii ndiyo siri ya kwaya itulizayo masikio: sauti iliyomo katika mafungu mawili hushikwa, na isiyoweza kushikwa husogea karibu.

Mara nyingine mtakuta hiari. Do imo nyumbani na shambani. So imo nyumbani na mlangoni. Hapo jaribuni yote mawili, mchague kwa maana ya maneno. Neno likiwa la kuuliza au la kungoja, fungu la so lafaa. Likiwa la kutulia, rudini nyumbani. Wale waimbao "Amina" mwisho wa tenzi za kanisani husikia mara nyingi fungu la fa likirudi moja kwa moja kwa fungu la do, bila kupita mlangoni. Mwisho wa namna hiyo ni wa upole.

Asidhani mtu kwamba mafungu machache hutoa wimbo mdogo. Mwaka 1897, huko Afrika Kusini, mwalimu wa shule ya misheni, Enoch Sontonga, alitunga wimbo wa kuombea Afrika, akauandika kwa do, re, mi. Kwa sehemu kubwa husimama juu ya mafungu haya haya matatu. Sontonga alifariki mwaka 1905, asiyaone matunda yake. Lakini tuni yake ndiyo iliyoimbwa Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, nayo ndiyo ya wimbo wa taifa la Tanzania hata leo. Huko Kenya mambo yalianza upande mwingine. Mwaka 1963 halmashauri ya watu watano ilichukua tuni ya Wapokomo wa Mto Tana, ambayo mama humbembelezea mtoto, ikaitengenezea mafungu na maneno, ukawa wimbo wa taifa. Hapo tuni ilikuwapo zamani, na mafungu yalikuja baadaye kuitumikia.

Neno hilo, kuitumikia, lishikeni. Fungu ni mtumishi wa tuni, na tuni ni mtumishi wa maneno. Tena si kila wimbo huhitaji mafungu haya. Wagogo wana mapatano yao ya sauti, nayo yana utaratibu wake. Taarabu ya pwani ina ngazi zitokazo kwa Waarabu, na baadhi ya vidato vyake havimo kabisa katika saba zetu. Kuzilazimisha nyimbo za namna hiyo ziingie katika do, fa, so ni kumvika mtu mzima kanzu ya mtoto. Mtaikuta imepasuka mabegani.

Kwa juma hili, basi, fanyeni kazi hii. Tungeni mistari miwili ya mizani minane, juu ya jambo la kijijini kwenu: kisima, mavuno, au njia ya kwenda shule. Pigeni makofi mpate mkazo. Imbeni mpaka tuni ije yenyewe. Kisha andikeni chini ya kila kipande neno moja: nyumbani, shambani, au mlangoni. Mkiona wimbo wenu unakwisha huku umesimama mlangoni, na wasikilizaji bado wamewatumbulia macho, mwajua la kufanya: ufungueni mlango, mwingie ndani.