Je, Wajua? Diploma Inavyovuka Likoni

Vyuo vikifungua usajili, ukipanda matatu ya Likoni pale Tiwi hukosi kumwona kijana aliyekumbatia bahasha ya kaki, akiilinda isikunjike katika msongamano. Ndani mna cheti cha diploma, transkripti na matokeo ya KCSE. Amemaliza chuo cha kati, sasa anataka kujiendeleza hadi digrii. Atashuka, avuke feri kwa miguu bila kulipa, kisha ashike gari la Tudor, iliko kampasi kuu ya Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa, TUM.

Je, wajua kwamba karatasi yenye kazi kubwa kuliko zote mara nyingi haimo katika bahasha hiyo? Transkripti hueleza ulipata alama gani. Haielezi ulifundishwa nini. Chuo kikuu kabla ya kukusamehe yuniti, yaani kukuruhusu usirudie ulizokwisha kuzisoma, hutaka muhtasari wa kila somo: mada zake, saa za mihadhara, mazoezi ya vitendo, vitabu vilivyosomwa, na muhuri wa chuo ulikotoka. Mhadhiri huulaza mezani kando ya muhtasari wake, akazipitia mada moja baada ya moja. Yuniti mbili zenye jina moja huweza kutofautiana hata nusu ya mambo yaliyomo, na hapo husamehewi. Ningeomba kila anayekwenda kuchukua cheti aulizie muhtasari huo siku iyo hiyo, maana mitaala hubadilishwa, walimu huhama, na baada ya miaka mitano kuupata ni safari juu ya safari.

Kupokewa ni jambo moja, kusamehewa ni jingine. Wengi huyachanganya, na machozi mengi ya mwaka wa kwanza hutokana na hapo. Kwa kawaida mwenye KCSE huingia digrii akiwa na C+ na diploma akiwa na C-. Aliyekosa C+ akasoma diploma na kufaulu, hiyo diploma humfungulia mlango wa chuo kikuu. Lakini mlango kufunguka hakumaanishi atawekwa mwaka wa pili. Huweza kuanza mwanzo kabisa, akalipa karo ya miaka yote minne, na akakaa darasani akifundishwa yale yale aliyoyafanyia mtihani mwaka uliopita. Kwa familia inayoishi kwa uvuvi, kwa minazi au kwa vibarua vya hoteli za Diani, mwaka mmoja wa ziada ni mzigo mzito. Kwa hiyo swali la kuuliza kabla hata ya kuanza diploma ni hili: chuo kikuu gani kitaitambua, na kitanisamehe yuniti ngapi?

Je, wajua kwamba kusamehewa kuna kikomo? Miongozo ya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu nchini Kenya ya mwaka 2014 iliweka dari ya asilimia 49 ya masomo ya msingi. Programu ikiwa na masomo ya msingi 40, huwezi kusamehewa zaidi ya 19. Chuo kinachokupa digrii lazima kiwe chenyewe kimekufundisha sehemu iliyo kubwa.

Wauguzi wana njia yao. Kwa aliyepata diploma katika chuo cha mafunzo ya tiba cha KMTC kama kile cha Msambweni na kusajiliwa kuwa muuguzi, viko vyuo vikuu vyenye programu fupi ya digrii iliyotungwa kwa ajili ya wauguzi walio kazini.

Je, wajua kwamba TUM yenyewe imepanda ngazi kama anavyopanda mwanafunzi wa diploma? Ilianzishwa mwaka 1948 kwa jina la MIOME, Taasisi ya Elimu ya Waislamu ya Mombasa, ili kuwapa Waislamu wa Afrika Mashariki elimu ya ufundi. Miongoni mwa waliochangia fedha walikuwa Aga Khan, jamii ya Mabohora na Sultani Khalifa bin Harub wa Zanzibar. Mwaka 1966 ikawa chuo cha ufundi, 1972 ikawa politekniki, 2007 ikawa chuo kikuu kishiriki, na mwaka 2013 ikapewa hati ya chuo kikuu kamili. Kule Kilifi, Chuo Kikuu cha Pwani kilitokana na chuo cha kilimo. Hata Makerere ya Uganda ilianza mwaka 1922 kwa vijana 14 waliofundishwa ufundi wa mikono, kama vile useremala na ujenzi.

Ukivuka mpaka pale Lunga Lunga ukaingia Horohoro, hesabu ya ngazi za vyeti hubadilika. Diploma ni ngazi ya 6 Kenya na ya 6 Tanzania. Ila digrii ya kwanza ni ngazi ya 7 Kenya, na Tanzania ni ya 8. Mtu wa Vanga mwenye ndugu Tanga asishangae namba zikigongana.

Marekani njia hii ya kuanzia chuo cha kati na kuhamia chuo kikuu ina zaidi ya miaka 100. Chuo cha Joliet, Illinois, kilianza mwaka 1901 kwa wanafunzi sita, wasome miaka miwili karibu na kwao kisha wahamie chuo kikuu. Mkenya Sally Kipyego aliipita njia hiyo: alianzia South Plains College, chuo cha miaka miwili katika mji mdogo wa Levelland, Texas, akahamia Texas Tech, akasomea uuguzi. Mwaka 2012 alitwaa medali ya fedha ya mita 10,000 katika Olimpiki za London.

Na je, wajua kwamba Waswahili walikuwa na utaratibu wa kuhamisha elimu kabla ya neno yuniti kufika pwani? Mwanafunzi wa darsa aliyemaliza kitabu mbele ya sheikh wake alipewa ijaza, idhini ya kukisomesha kitabu kile. Akifunga safari kwenda kuongeza elimu Lamu, Zanzibar au Hadhramaut, lililopimwa halikuwa miaka aliyokaa chuoni. Aliulizwa amehitimu kitabu gani, na kwa nani.