Umeme Nyumbani (3): Fyuzi, Athi na RCD

Stima inayoingia katika nyumba za Malindi, Watamu na Kilifi ni ya volti 240. Laivu huileta, nyutro huirudisha. Waya wa tatu, wa kijani na njano, ndio athi, na kazi yake huonekana siku ya hatari.

Fyuzi ya ampea 13 iliyo ndani ya plagi ni waya mwembamba unaoyeyuka mkondo ukizidi. Breka za ubaoni hufanya kazi iyo hiyo, ila huweza kuwashwa tena. Vyote viwili huulinda waya usipate moto na kuunguza nyumba, jambo zito penye paa la makuti. Mtu havimlindi. Mwili wenye ukinzani wa omu 1,500 ukishika laivu hupitisha ampea 0.16 tu. Kiasi hicho chaweza kuua, na fyuzi isihisi lolote.

Laivu ikigusa bati la friji, athi huupeleka umeme kwenye fimbo ya shaba iliyopigwa ardhini. Pwani ndipo penye taabu: mchanga mkavu na jiwe la matumbawe havipitishi umeme vizuri, na chumvi hula viungo. Fimbo yenye ukinzani wa omu 100 hupitisha ampea 2.4 pekee. Breka haikatiki, na bati hubaki na umeme.

Pengo hilo huzibwa na swichi iitwayo RCD. Ndani yake laivu na nyutro hupita pamoja katika pete moja. Mkondo unaorudi ukipungua kwa miliampea 30, maana yake mwingine unavujia pengine, labda mwilini mwa mtu, na swichi hukata kabla ya theluthi ya sekunde. Hata athi dhaifu yaitosha.

Bafuni, maji ya chumvi ya kisima hupitisha umeme sana, na hita ya shawa yenye koili wazi huvujisha mkondo hadi RCD ikate. Fundi anayeiruka RCD ili watu waoge amewaondolea kinga yao. Dawa ni hita ya maji ya chumvi, ambayo koili yake imefunikwa.

Kitufe cha RCD chenye herufi T kibonyezwe kila baada ya miezi michache; swichi isipokata, ibadilishwe. Anayeshika laivu na nyutro kwa pamoja, bila kugusana na ardhi, hata RCD haimwoni, kwa kuwa mkondo wote unarudi.