Kipimo cha Mafuta Katika Eropleni Ndogo Zilizojengwa Nyumbani

Watu wengi waonapo eropleni ikipita juu hudhani ya kuwa kila chombo cha namna hiyo hutoka katika kiwanda kikubwa chenye mafundi maelfu. Sivyo. Katika Marekani, na katika nchi nyingine pia, wako wakulima, walimu na maseremala wajengao eropleni zao wenyewe katika mabanda ya nyumba zao, kisha wakaruka nazo. Leo twapenda kuwaeleza wasomaji wetu jambo moja liwasumbualo sana watu hao, nalo ni ugonjwa wa mafuta ya injini: jinsi unavyojulikana, jinsi unavyotafutwa, na kwa nini mtu asiharakishe kuuficha.

Katika kijiji cha Cherry Grove, jimbo la Minnesota, alikuwako fundi jina lake Bernard Pietenpol. Mwaka 1929 aliifunga injini ya motakaa ya Ford, ile iitwayo Model A, katika eropleni ya mbao na kitambaa aliyoibuni mwenyewe, nayo ikaruka. Eropleni hiyo, iitwayo Air Camper, ina viti viwili visivyofunikwa, kimoja nyuma ya kingine, na bawa moja lililo juu ya vichwa vya wapandao. Michoro yake ilichapwa mwaka 1932 katika kitabu kiitwacho Flying and Glider Manual, na hata leo wako watu waijengao.

Wajenzi wengine hawatumii injini ya motakaa, bali hufunga injini iliyofanywa kwa kazi ya angani, na mojawapo ipendwayo sana ni Continental A-65. Hiyo ina silinda 4 zilizolala, mbili kila upande, na nguvu za farasi 65 rafadha izungukapo mara 2,300 kwa dakika moja. Ni injini njema na nyepesi, walakini ni ya zamani; nyingi zimekwisha pita miaka 70 tangu zilipotoka kiwandani, na zimepita katika mikono ya mafundi wengi, wenye bidii na wasio na bidii. Basi maelezo yetu yatafuata injini hiyo.

Kazi ya mafuta

Ndani ya injini chuma hakigusi chuma. Mtaimbo mkuu uzungushao rafadha huelea juu ya utando mwembamba wa mafuta ndani ya beringi zake, kama ngalawa ieleavyo juu ya maji. Utando huo ukikatika, chuma husugua chuma, joto hupanda, beringi huyeyuka, na kwa muda wa dakika chache injini hukwama. Motakaa ikikwama, dereva huteremka akakaa kando ya njia akingoja msaada. Eropleni haina kando ya njia. Rubani itampasa kutafuta uwanja mara moja, naye ana muda wa kushuka tu.

Mafuta ya injini hii, kiasi cha lita karibu 4, hukaa katika birika lililo chini yake. Pampu yenye gurudumu mbili ndogo za meno huyavuta kwa bomba, huyasukuma kupita katika chujio, kisha katika vijia vilivyotobolewa ndani ya chuma mpaka penye beringi. Yakiisha kufanya kazi hudondoka yenyewe yakarudi katika birika. Njiani iko vali ndogo yenye springi. Msukumo ukizidi kiasi, vali hiyo hufunguka na kuyarudisha mafuta yaliyozidi, ili injini isiumizwe.

Mbele ya rubani kiko kipimo. Ndani yake mna kijibomba cha shaba kilichopindwa kama mundu. Mafuta yaingiapo kwa nguvu, kijibomba hutaka kunyooka, nacho huuvuta mshale. Injini ya A-65 iliyo nzima, ikiwa imepata joto na inakwenda mwendo wa safari, huonyesha ratili 30 hadi 35 kwa kila inchi ya mraba. Na izungukapo polepole chini haifai kupungua chini ya ratili 10. Injini ya Ford si hivyo. Katika motakaa ile pampu iliyapandisha mafuta mpaka chumba cha vali tu, na toka hapo yaliteremka yenyewe penye beringi, kwa hiyo msukumo wake ulikuwa mdogo sana. Basi mtu asilinganishe injini yake na ya jirani; atazame kitabu cha injini yake mwenyewe.

Neno la kushika

Kabla ya kushika spana, yapasa kufahamu neno moja. Pampu haifanyi msukumo. Pampu husukuma mafuta tu. Msukumo hutokea kwa sababu mafuta hupata taabu kupita katika nafasi nyembamba. Mfano wake ni mtu amwagiliaye bustani kwa mpira wa maji. Akiubana mdomo wa mpira kwa kidole, maji huruka mbali. Akiuachia, maji humwagika miguuni pake, ingawa mfereji ni ule ule. Kwa hiyo mshale ukishuka, sababu ni moja katika tatu: ama mafuta hayasukumwi ya kutosha, ama yamepata njia pana ya kutorokea, ama mshale wenyewe hausemi kweli. Mwenye kuyashika hayo hatatangatanga.

Jinsi ya kutafuta

Fundi mwenye busara huanza kwa jambo jepesi lisilo na gharama, akaendelea hata lililo zito. Asiifungue injini ili kutafuta kosa ambalo pengine liko katika bomba la nje.

Kwanza, na apime mafuta kwa kijiti chake. Yakiwa machache, bomba la kuvutia huvuta hewa pamoja na mafuta, na mshale hutetemeka, hasa eropleni ikiinama upande. Tena ayatazame na kuyanusa. Yakiwa mepesi kama maji na yananuka petroli, basi petroli imeingia ndani yake, nayo hayafai tena. Na kama yalitiwa mafuta ya namna nyingine, nyembamba kuliko yaliyoamriwa na kitabu, ugonjwa umekwisha julikana.

Pili, na akihoji kipimo. Hakimu hamhukumu mtu kwa neno la shahidi mmoja asiyejulikana tabia yake. Na aazime kipimo kingine kilichojaribiwa, akifunge moja kwa moja penye injini, kisha aiwashe. Mara nyingi kipimo kipya huonyesha ratili 35 mahali ambapo cha zamani kilionyesha 15, na shida ikaisha hapo. Alitazame pia bomba jembamba liendalo katika kipimo. Likiwa la shaba, mtetemeko wa miaka mingi huligandisha likawa gumu na kupasuka. Na tundu lake likiziba taka, mshale huchelewa kupanda.

Tatu, kama injini imekaa miezi mingi bila kuwashwa, au imemwagwa mafuta ikaachwa tupu, yamkini pampu imekauka. Pampu kavu huzungusha hewa wala haivuti. Sheria ni hii: injini ikiwashwa na mshale usipopanda kwa nusu dakika, izimwe mara hiyo. Dawa yake ni kulifungua bomba la kipimo, kutia mafuta kwa sindano katika tundu lile, huku rafadha ikizungushwa kinyume kwa mkono, ili pampu inyweshwe. Lakini kabla ya kuigusa rafadha, swichi za magneto zifungwe na plagi zote ziondolewe. Rafadha iguswayo kwa uzembe imekwisha kuua watu.

Nne, atoe vali ya msukumo na kuitazama. Chembe moja ya masizi au ya chuma ikikaa penye kiti chake, vali haifungi, na mafuta hutoroka kabla ya kufika penye beringi. Asafishe vali na kiti, atazame kama kiti kimelika upande mmoja, na springi ailinganishe na mpya. Kosa hili ni la kawaida sana, na kulitengeneza ni kazi ya saa moja.

Tano, atoe chujio, alioshe juu ya kitambaa cheupe, na kusoma yaliyomo kama mtu asomavyo barua. Masizi meusi laini si ajabu. Vipande vya chuma vinavyonaswa na sumaku hutoka penye meno ya gurudumu au sehemu nyingine za chuma kigumu. Vinavyong'aa visivyonaswa na sumaku ni vya beringi au vya aluminiamu. Akikuta hivyo vingi, kazi ya majaribio imekwisha. Injini haina budi kufunguliwa na fundi mwenye cheti.

Sita, ikiwa yote hayo ni mema, ndipo aishuku pampu na beringi. Hapa mshale husema kwa tabia yake. Ukiwa mzuri injini ikiwa baridi, kisha ukashuka sana ipatapo joto na kuzunguka polepole, hiyo ni dalili ya uzee. Mafuta ya moto ni mepesi, hupenya katika kila nafasi iliyotanuka. Pengine meno ya pampu yamekula nyumba yake, ambayo ni ya aluminiamu; pengine beringi zimelika. Lakini ukitetemeka daima, ingawa mafuta ni tele, pampu inavuta hewa penye gasketi au penye kiungo cha bomba la kuvutia.

Na mshale ukipanda kupita kiasi? Asubuhi ya baridi si neno, kwa maana mafuta ni mazito. Yakipata joto utashuka. Usiposhuka, vali imekwama imefunga, au njia imeziba mahali. Hilo nalo ni baya, kwani msukumo mkubwa penye kipimo hauonyeshi ya kuwa mafuta yamefika kila mahali.

Ujanja usiofaa

Sasa twafika penye jambo lililotusukuma kuandika habari hizi. Iko njia rahisi sana ya kuupandisha mshale. Mtu huivuta springi ya vali iwe ndefu, au huweka kikaratasi cha chuma nyuma yake, na papo hapo mshale hupanda hata ratili 35. Mwenye eropleni hufurahi, hulipa fedha kidogo, akaruka.

Springi iliyochoka kweli yafaa kubadilishwa kwa mpya ya kipimo kile kile. Lakini kama sababu ni beringi zilizolika, springi iliyovutwa haikuponya kitu. Umemfundisha shahidi kusema uongo. Beringi huendelea kulika chini ya mshale mzuri, na siku mshale utakapoanguka tena, utaanguka angani. Mtu mwenye homa akiivunja themometa yake hakupona. Amejinyima habari tu.

Tena rubani naye ana wajibu wake. Mshale ukianguka akiwa angani, na joto la mafuta likapanda, asibishane na kipimo. Apunguze mwendo, ashuke katika uwanja ulio karibu, ingawa amebakiza dakika kumi tu kufika kwake. Na hata joto lisipopanda, bado ashuke. Kama kosa lilikuwa la kipimo, atacheka akiwa amesimama juu ya nchi kavu. Dakika kumi hizo zimewadanganya wengi.

Pengine msomaji atauliza, haya yanatuhusu nini sisi tusio na eropleni? Twamjibu ya kuwa lori, trekta na mashine ya kusaga unga zina sheria ile ile. Tulipata kuiona mashine moja ya kusaga, mali ya watu wengi waliochanga fedha zao, ambayo kipimo chake cha mafuta kilikuwa kimelala muda mrefu. Mwendeshaji alituambia, "Hicho ni kibovu, siku zote hulala hivyo." Hakuna aliyekihoji kwa kipimo cha pili. Siku ya tatu mashine ilikwama katikati ya kazi, na wanawake walirudi na mahindi yao vichwani hata kinu cha zamani. Kipimo hakikuwa kibovu. Kilikuwa kikisema kweli, wala hapakuwa na msikilizaji.

Basi walimu na wawafundishe vijana si kuwasha mashine tu, bali kusoma vipimo vyake na kuuliza sababu. Na wenye kusimamia mali ya watu wote na wamwamuru mwendeshaji kuandika kila asubuhi katika daftari namba aliyoiona. Kazi hiyo haimalizi dakika moja, na kitabu chake ni cha bei ndogo. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Na katika eropleni ufa wenyewe hauonekani kwa macho, ila kwa mshale mdogo ulio mbele ya rubani.